Masafa ya Mawasiliano ya Magari Mijini: Kutenga Pekee Hakutoshi

Novemba 2024, Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani (FCC) ilipitisha kanuni zinazotenga megahezi 30 za juu katika wigo wa gigahezi 5.9 kwa mawasiliano ya magari yanayotumia teknolojia ya mitandao ya simu za mkononi. Uamuzi huo umekuja robo karne baada ya tume hiyohiyo kutenga megahezi 75 kwa lengo hilo mwaka 1999.

Gari lenye kifaa hicho hutangaza mahali lilipo, mwendo na mwelekeo wake takriban mara kumi kwa sekunde. Magari yaliyo umbali wa mita mia kadhaa huzipokea taarifa hizo moja kwa moja, bila kupitia mnara wa simu. Katika makutano ya barabara mijini, ambako majengo humziba dereva asione, onyo linalotangulia kwa sekunde chache laweza kuokoa maisha. Kwa kuwa kuta hudhoofisha mawimbi ya masafa ya juu, vifaa hivyo hufungwa pia kwenye taa za kuongozea magari.

Manufaa hayo, hata hivyo, hutegemea wingi wa magari yenye kifaa: gari la kwanza kufungiwa halina la kuwasiliana nalo. Pendekezo la Desemba 2016 la kuyalazimisha magari madogo mapya nchini Marekani kuwa na kifaa hicho halikuwa sheria, na liliondolewa mwaka 2023. Wakati huo masafa yaliendelea kutumika kwa kiwango kidogo. Novemba 2020, FCC ilihamishia megahezi 45 kwenye matumizi ya Wi-Fi, na mahakama ya rufaa mjini Washington ikauridhia uamuzi huo Agosti 2022.

Nchi nyingine zimepita njia tofauti. China ilichagua teknolojia ya simu za mkononi mwaka 2018 katika wigo huo wa gigahezi 5.9, ilhali Japani hutumia masafa ya megahezi 760 kwa usalama wa magari. Magari yenye mifumo tofauti hayaelewani hata yakiwa bega kwa bega.

Tofauti hiyo inaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa kuwa magari mengi yaliyotumika yanayoingia Tanzania na Kenya hutoka Japani. Gari lililoundwa kwa masafa ya huko haliwezi kuwasiliana na taa za barabarani zilizofungwa kwa wigo mwingine.

Mwaka 2019, Shirika la Mawasiliano Duniani (ITU) lilizihimiza nchi kuzingatia masafa yanayofanana kwa mifumo hiyo. Uzoefu wa Marekani unaonesha kuwa uamuzi wa masafa huzaa matunda pale tu unapoambatana na kiwango kimoja cha kiufundi na ratiba ya kuvifunga vifaa katika magari na barabara.