Mkataba uko ukutani, dirishani kuna mtu

Leo acha nitoe la moyoni kabla sijarudi kwenye madesa.

Kila mwaka Juni 16 hadi 23 ni Wiki ya Utumishi wa Umma. Mabango yanatoka, mteja anakuwa mfalme, Mkataba wa Huduma kwa Mteja unafutwa vumbi. Mikataba hii iliingia serikalini na mpango wa maboresho ya utumishi wa umma ulioanza mwaka 2000, na sina ubaya nayo. Inakwambia utasubiri siku ngapi na ulalamike wapi. Ila haikwambii mtu wa dirishani ataamua nini.

Chukulia cheti cha kuzaliwa. Bila hicho mkopo wa HESLB unausikia redioni tu, mnalijua hilo. Binamu yangu kazaliwa nyumbani, Moa kule Mkinga, mikononi mwa mkunga. Kadi ya kliniki hana. Mama mmoja dirishani akamsikiliza, akamuuliza una karatasi gani nyingine, akamwambia lete cheti cha shule ya msingi. Mambo yakaenda. Tulimshukuru sana yule mama, jamani! Lakini nikawaza, angemkuta mwingine kaamka vibaya? "Kalete kadi ya kliniki, njoo Jumatatu." Na nauli ya kurudi Moa imeshaliwa. Kanuni ni zilezile, zamu tu ndiyo imebadilika.

Kuna wanaosema dawa ni kompyuta. Sawa, RITA siku hizi wana mfumo wa mtandaoni, umepunguza foleni kwa wengi, lakini viambatisho vyako bado vinakaguliwa na binadamu. Wengine wanataka karani afungwe mikono, afuate orodha basi. Hapo nakataa katakata. Orodha haimjui mtoto wa mkunga. Mwacheni aamue, ila akikataa aandike sababu kwenye karatasi, aweke jina na muhuri, nami niende nayo kwa mkubwa wake. "Hapana" ya mdomo haina pa kukatiwa rufaa.

Halafu wana ualimu msicheke. Michael Lipsky, Mmarekani aliyeandika kitabu kuhusu watumishi wa aina hii mwaka 1980, aliwaweka walimu humohumo pamoja na polisi. Yaani sisi! Tukienda mazoezi ya kufundisha, mtoto atakuja saa tatu, kaloa, hana sare, katoka kumsaidia baba yake kushusha samaki. Sheria ya shule inasema arudi nyumbani. Mkuu wa shule yuko kikaoni mjini. Mlangoni uko wewe na chaki yako.