Rangi ya Kitanda cha Mgonjwa Ipimwe Kabla ya Kupokelewa

Kitanda cha hospitali kilichopakwa rangi upya hupokelewa kwa macho. Kikimeremeta, hati ya makabidhiano hutiwa saini. Baada ya kupanguswa kwa klorini siku baada ya siku, rangi huanza kuvimba na kubanduka kwenye vyuma vya pembeni, mahali hasa panaposhikwa na mgonjwa na muuguzi. Chini ya ganda lililoinuka hujificha unyevu, kutu na uchafu wa mwilini, wala kitambaa cha usafi hakifiki huko. Kumlaumu mfanya usafi si haki. Kosa lilianza kwa fundi aliyepaka rangi juu ya kutu, mafuta au vumbi, likapita mikononi mwa aliyepokea kazi.

Kipimo cha mshiko wa rangi kipo, nacho ni rahisi kuliko vipimo vingi vya maabara. Kiwango cha kimataifa cha ISO 2409 kinaeleza jinsi ya kuichanja rangi iliyokwisha kukauka kabisa: mistari sita, na mingine sita ya kuikata, hadi kuufikia mwili wa chuma. Hupatikana vijiraba 25. Kwa rangi isiyozidi unene wa mikromita 60 juu ya chuma, nafasi kati ya mistari ni milimita 1, hivyo alama yote haizidi ukubwa wa ukucha. Utepe wa kunata hubandikwa juu yake na kuvutwa, kisha mkaguzi hutazama kilichobaki. Kingo zikiwa safi na hakuna kijiraba kilichong'oka, daraja ni 0. Eneo lililobanduka likizidi asilimia 15 hadi kufikia 35, daraja ni 3. Daraja la mwisho ni 5.

Wapo watakaosema kwamba kuchanja kitanda kipya ni kukiharibu. Jibu ni jepesi: fundi apake pia kipande cha chuma kilekile, siku ileile, kwa rangi ileile, na kipande hicho ndicho kichanjwe. Hapo kuna faida nyingine, kwani rangi inayoshika vizuri ikiwa kavu inaweza kuachia ikilowa. Kipande kipanguswe kwanza kwa dawa inayotumika wodini, kwa siku kadhaa, ndipo kipimwe. Sharti hilo liandikwe kwenye mkataba kabla ya malipo, pamoja na daraja linalokubalika. Daraja 0 au 1 si kudai makuu.

Kuta za plasta zina kipimo chake cha kuvuta, na huhitaji kifaa ghali zaidi. Vitanda vyaweza kuanza sasa.

Kitanda kilichoshindwa kisifunikwe kwa koti jingine la rangi. Kirudi karakana, kikwanguliwe hadi chuma, kipakwe rangi ya kuzuia kutu kwanza. Vile vya zamani sana vishughulikiwe kwa tahadhari, maana rangi yake huenda ina madini ya risasi: visikwanguliwe vikiwa vikavu, wala karibu na wodi ya watoto.