Tiba ya macho nayo ivuke mpaka

Mfanyabiashara wa mpakani hutegemea vitu viwili: mtaji na macho. Mtaji ukiyumba, kipo kikundi cha kukopeshana, na wapo ndugu. Macho yakififia, hakuna wa kumwazima yake.

Katika vituo vya pamoja vya mpakani kama Namanga, Busia na Rusumo, mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ikiwa bidhaa zake zimo kwenye orodha iliyokubaliwa na nchi za Afrika Mashariki, hupata cheti cha uasili kilichorahisishwa na kusamehewa ushuru wa forodha. Huo ni unafuu mkubwa, lakini humfaa anayeweza kuisoma orodha yenyewe. Mtu akishapita miaka 40, lenzi ya jicho huanza kukakamaa. Maandishi madogo hayasomeki tena, naye huanza kuisogeza simu mbali na uso. Hapo ndipo anapompa kishoka karatasi zake amsomee, na kulipa alichoambiwa. Hapo ndipo anapompa kijana wa kibanda cha jirani simu amtumie pesa, na namba ya siri juu yake. Wengine huona heri njia za panya kuliko kuumbuka dirishani.

Dawa ya tatizo hilo ni miwani ya kusomea, kifaa cha bei ndogo. Hata hivyo, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 826 duniani hawaoni vizuri karibu kwa sababu tu hawana miwani inayowafaa. Hasara yake imepimwa. Utafiti uliofanyika vijijini Bangladesh na kutolewa mwaka 2024 uliwagawa watu wa miaka 35 hadi 65 katika makundi mawili: wengine walipewa miwani mara moja, wengine walisubiri. Baada ya miezi minane, kipato cha waliopewa miwani kilikuwa juu kwa asilimia 33 kuliko cha waliosubiri. Hakuna mkopo wa benki wenye faida ya namna hiyo.

Yapo maradhi ambayo miwani haiyatibu. Baya kuliko yote kwa msafiri ni presha ya macho, ambayo madaktari huiita glakoma. Haiumi. Huanza kula uoni wa pembeni kidogo kidogo, na kilichopotea hakirudi. Tiba iliyozoeleka ni matone ya kila siku kwa maisha yote. Kwa mtu ambaye leo yuko Kampala, keshokutwa Kigali, wiki ijayo Goma, chupa huisha njiani, na duka la dawa la ng'ambo huenda likawa na jina jingine au lisiwe nayo kabisa.

Habari njema ni kwamba majibu yamepatikana humu humu katika kanda. Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, watafiti walilinganisha matone ya timolol na tiba ya mwanga wa leza unaosaidia maji ya jicho kutoka vizuri. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja tiba ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, dhidi ya asilimia 31 ya yaliyotiwa matone. Leza huchukua dakika chache na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hairudishi uoni uliokwisha kupotea na huenda ikahitaji kurudiwa, lakini humwondolea msafiri utumwa wa chupa.

Upande wa pili wa mpaka, Nakuru, daktari wa macho Andrew Bastawrous na wenzake walijaribu programu ya simu ya kupima uwezo wa kuona. Mwaka 2015 walitangaza kuwa vipimo vyake vililingana na vya mabango ya herufi ya hospitali. Baadaye, Kitale, walimu waliitumia simu hiyo kupima wanafunzi. Kama mwalimu anaweza, mhudumu wa afya wa mpakani hashindwi.

Kinachokosekana ni kuvusha. Nyanya za Tanzania hufika Nairobi siku moja, lakini mgonjwa wa macho wa Taveta, aliye karibu na Moshi kuliko Nairobi au Mombasa, akivuka kutibiwa hujikuta mgeni. Kadi ya bima ya upande mmoja kwa kawaida haipokewi upande wa pili, na barua ya rufaa haina uzito.

Serikali zitasema mashine ni ghali na madaktari ni wachache. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kushirikiana. Mashine ya leza haihitajiki kila mpakani. Moja katika hospitali kubwa inaweza kuhudumia wananchi wa nchi mbili. Kinachohitajika mpakani ni chumba kimoja kando ya dawati la afya lililopo tayari, mhudumu mwenye simu ya kupimia, kipimo cha presha ya jicho cha kushika mkononi, miwani ya kusomea ya bei nafuu, na fomu moja ya rufaa inayotambuliwa pande zote mbili. Mawaziri wa afya wa Jumuiya waanze na vituo viwili au vitatu, matokeo yahesabiwe, kisha vingine vifuate.

Wafanyabiashara nao wana wajibu. Matone yenye steroidi, yanayouzwa kienyeji kwa jina la dawa ya macho mekundu, yakitumiwa muda mrefu bila daktari yanaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Yasibebwe kama bidhaa, wala yasipelekwe nyumbani kama zawadi. Aliyefika miaka 40, na hasa mwenye ndugu aliyepofuka kwa presha ya macho, apimwe hata kama haumwi. Vyama vya wafanyabiashara vinavyokutana na maofisa wa forodha kulalamikia ushuru na foleni viongeze dai hili kwenye orodha: macho yapimwe mpakani, kabla mwanachama hajaanza kutia saini asichokiona.