Mlima Uliohamishwa kwa Wimbo

Vijana wetu hupiga katika simu zao wimbo mmoja wa Kiingereza uitwao "Africa". Ni wa bendi ya Toto, ya mji wa Los Angeles, Marekani. Ulitoka mwaka 1982, na mwezi wa Februari 1983 ukashika nafasi ya kwanza huko kwao. Sauti yake ni tamu, wala simkatazi mtu kuusikiliza. Lakini yafaa tujue jinsi ulivyotungwa.

Mtungaji ni David Paich, mpiga kinanda, akisaidiwa na mpiga ngoma Jeff Porcaro. Wakati ule Paich alikuwa hajakanyaga Afrika hata siku moja. Ameeleza kwamba utotoni alisoma katika shule ya Kikatoliki ya wavulana, na baadhi ya walimu wake walikuwa wamefanya kazi ya umisionari Afrika. Wakamsimulia jinsi walivyobariki watu vijijini, vitabu vyao, mazao yao, na hata mvua iliponyesha. Habari hizo zikamkaa moyoni. Basi akatunga wimbo wa kuonea shauku mahali asipopata kufika: ngoma za usiku, mbwa mwitu, mzee wa hekima njiani, na mvua.

Tena wimbo huo unausimamisha mlima Kilimanjaro juu ya mbuga ya Serengeti. Mtoto wa shule ya msingi aweza kuusahihisha. Toka Kilimanjaro hata Serengeti ni zaidi ya kilomita 200, na katikati upo mlima Meru, mji wa Arusha, Bonde la Ufa na milima ya Ngorongoro.

Mtasema, haidhuru, ni wimbo tu, mlima haukuhama. Ni kweli. Lakini watu wake wamesahauliwa. Wachaga hawakukaa tu wakitazama mawingu. Tangu kale wamechimba mifongo, yaani mifereji ya kushusha maji ya mlimani hata kwenye migomba, wakagawana maji kwa zamu na kuisafisha pamoja. Mwaka 1933 wakulima wao wa kahawa wakaunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU. Hayo hayamo katika wimbo. Mwenye kuusikia peke yake atadhani watu wa huku kazi yao ni kupiga ngoma na kungoja mvua.

Wale walimu hawakusema uongo. Hata leo twaomba mvua na kubariki mbegu. Lakini mtoto aliyepewa kipande akadhani amepewa kitu kizima. Porcaro mwenyewe alikiri wazi kwamba ni wimbo wa kijana mzungu asiyefika Afrika, mwenye kusimulia tu aliyoyaona kwenye televisheni au anayoyakumbuka. Kwa hilo tumshukuru.

Na sisi je? Tukimtaja Mmasai, hatuoni mkuki tu? Tukimtaja Mhadzabe, hatuoni upinde tu? Na Mzungu, je, si mfuko wa fedha? Vichekesho vyetu vimejaa kuigiza matamshi ya makabila mengine. Kisha mtoto wa Kimasai aingia shule ya bweni, na wenzake wamwita "mlinzi" kabla ya kumwuliza jina lake. Huyo haumizwi na bendi ya Marekani. Anaumizwa na watoto wetu, na maneno hayo waliyapata nyumbani, karibu na jiko.

Wazee walisema, asiyekujua hakuthamini. Basi, enyi wazazi, mtoto akisimulia habari za kabila au taifa jingine, mwulizeni: Umefika kwao? Nani alikuambia? Wao wenyewe wasemaje? Na mgeni akija kijijini kwenu, mchezeeni ngoma, ni desturi njema. Lakini kabla hajaondoka mwonyesheni na mfereji, na shule, na daftari la ushirika, ili atakaporudi kwao awe na habari kamili ya kusimulia.