Chandarua Kikishagawiwa

Chandarua kikitoka bohari kinaandikwa. Kikifika zahanati kinaandikwa tena. Mama akikipokea anatia dole gumba daftarini, na hesabu inafungwa. Mwisho wa mwaka ripoti inataja vimegawiwa vingapi, ukumbi unapiga makofi. Hiyo ni hesabu ya stoo. Tathmini bado haijaanza.

Swali la kwanza lilikuwa kama chandarua chenye dawa kinaokoa maisha. Kilifi, pwani ya Kenya, kati ya 1993 na 1995, maeneo yalipigiwa kura: mengine yakapewa vyandarua, mengine yakasubiri. Vifo vya watoto wa mwezi mmoja hadi chini ya miaka mitano vikapungua kwa 33%. Kura ndiyo iliyobeba uzito wote. Pasipo kura, huenda waliowahi vyandarua wangekuwa wale wale wenye nyumba nzuri na nauli ya hospitali, halafu sifa ya uwezo wao ikapewa chandarua.

Kura nayo ina mitego yake. Kule Asembo, magharibi mwa Kenya, nyumba zisizo na vyandarua zilizokuwa ndani ya mita 300 kutoka vijiji vilivyopewa zilinufaika pia, kwa sababu mbu walipungua eneo zima. Mbu hajui nani yuko kundi gani. Ukiwalinganisha majirani hao bila kulijua hilo, utaiona faida ndogo kuliko ilivyo.

Kilombero na Ulanga, nchini Tanzania, mambo yalikuwa mengine kabisa. Kuanzia 1997 vyandarua viliuzwa kwa yeyote aliyetaka, na huwezi kumzuia mama asinunue ili hesabu zako zikae sawa. Watafiti wa kituo cha Ifakara wakapita njia ya nyuma: wakawalinganisha watoto waliofariki na wenzao waliokuwa hai, wakaulizia nani alikuwa na chandarua. Wakakuta uwezekano wa kuishi umepanda kwa 27%. Mtakwimu atakuambia ushahidi huu una mianya zaidi kuliko ule wa Kilifi, na hakosei. Lakini hapa watu walitoa pesa zao wenyewe, wakavitumia katika maisha ya kawaida, yenye uzembe na uhaba wake. Mimi ningekuwa waziri ningeanza kusoma huu.

Ukaja ubishi wa bei. Wengi walishikilia kwamba cha bure hakithaminiwi. Mwaka 2007, katika kliniki 20 za wajawazito magharibi mwa Kenya, bei zilipangwa kwa kura. Kilipouzwa kwa shilingi 40, katika kila wajawazito 100, takriban 60 ambao wangekichukua bure walikiacha. Na waliolipa hawakukitumia zaidi ya waliopewa. Maneno mengi ya semina yalizimwa na shilingi 40.

Tanzania ilikuwa na Hati Punguzo tangu 2004: mjamzito alipewa hati kliniki, akaongeza kiasi kidogo dukani, akapata chandarua. Mpango wa namna hii haupimwi kwa kuuliza tu kama vifo vimepungua. Lazima uifuate hati yenyewe: nani aliipata, nani alifika dukani akakuta mzigo umekwisha, nani alirudi nayo nyumbani kwa kukosa nyongeza. Hiyo ndiyo tathmini ya mchakato, na ndiyo inayopewa makombo ya bajeti, kwa kuwa haizai namba moja ya kutangazwa jukwaani. Mara nyingi hata mtathmini huitwa mradi ukiwa unafunga virago. Anauliza hali ilikuwaje kabla, anakuta hakuna aliyepima. (Na bado ripoti inaandikwa.)

Sasa tazama chandarua kilichozungushiwa kitalu cha mchicha. Afisa wa mradi atakiandika kuwa ni upotevu. Mtathmini atakishika kwanza, aangalie kama kilikuwa kimekwisha kutoboka, kisha aombe kuonyeshwa mahali mtoto wa nyumba hiyo anapolala.