Kumbukumbu za Wachezaji wa Taifa Zisipuuzwe

Mtumishi wa serikali anapostaafu, kitu cha kwanza kinachotafutwa ni jalada lake. Bila jalada, miaka thelathini ya jasho haina uthibitisho, na malipo ya uzeeni hukwama. Mwalimu naye hathubutu kufika mbele ya mkaguzi bila daftari la mahudhurio, akadai kwamba watoto walikuwa wengi tu. Kwa nini basi utumishi wa mchezaji aliyevaa jezi ya taifa uachwe kwenye masimulizi ya barazani?

Wapo wanaodai kuwa kuhesabu michezo na mabao ni anasa ya Wazungu. Wajiulize yaliyoipata Zambia. Mwaka 2012, Lionel Messi alipofikisha mabao 91 katika mwaka mmoja, dunia ilitangaziwa kuwa ameivunja rekodi ya Gerd Müller wa Ujerumani Magharibi, ya mabao 85 mwaka 1972. Chama cha mpira cha Zambia kikasimama na kusema kuwa Godfrey Chitalu alifunga mabao 107 katika mwaka huo huo wa 1972. FIFA ikajibu kwamba haina kumbukumbu za mashindano ya ndani ya nchi, hivyo haiwezi kuthibitisha. Chitalu mwenyewe hakuwepo kujisemea. Alifariki mwaka 1993, akiwa kocha wa timu ya taifa, katika ajali ya ndege iliyoiangamiza timu hiyo Gabon. Madai yaliyokaa kimya miaka 40, hata yakiwa ya kweli, husikilizwa kwa mashaka.

Tarehe 20 Juni, 2023, Cristiano Ronaldo aliichezea Ureno mchezo wake wa 200, dhidi ya Iceland, akafunga bao pekee. Idadi hiyo anaweza kuitaja mtoto wa shule wa Tabora au Lindi. Lakini mtoto huyo aulizwe kuhusu Peter Tino, ambaye bao lake la Ndola mwaka 1979 liliipeleka Tanzania Lagos kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za 1980. Bao hilo huenda amesimuliwa na babu yake. Je, jumla ya michezo aliyoichezea nchi? Ni mwalimu gani atakayeitaja bila kubahatisha? Taifa lilingoja miaka 39, hadi 2019, kurudi kwenye fainali hizo. Haifai waliofungua njia wabaki hadithi.

Hata hivyo, uzalendo wa kuongeza tarakimu si uzalendo, ni uongo. Mchezo unaohesabiwa ni ule wa timu kamili za taifa, nchi kwa nchi. Michezo dhidi ya klabu, au ya timu za vijana, haimo, hata kama jezi ilikuwa ile ile. Malaysia iliyajua hayo kwa Soh Chin Ann, aliyeichezea kuanzia 1969 hadi 1984: idadi ya michezo yake ilibishaniwa kwa miaka mingi, kwa kuwa michezo ya kila aina ilikuwa imechanganywa.

Dawa inajulikana, wala haihitaji fedha za kigeni. Kila mchezo uandikiwe tarehe, uwanja, mpinzani, matokeo, majina ya walioanza, walioingia na waliofunga. Magazeti ya zamani yaliyomo katika maktaba na Nyaraka za Taifa yapekuliwe. Wachezaji wazee wahojiwe wangali hai, na maneno yao yalinganishwe na maandishi. Shirikisho la Mpira wa Miguu lisimamie kazi hiyo na kuichapisha, ili anayeona kosa alisahihishe hadharani.

Anayesema kazi hiyo ni ndogo mno kwa taifa lenye shida kubwa hajaelewa maana ya heshima. Kumpigia mtu makofi kwa dakika tisini ni rahisi. Kumtunzia hesabu yake miaka hamsini ndiyo shukrani. Mali bila daftari huisha bila habari. Na jasho la wachezaji wa taifa ni mali ya umma.