Lulu inunuliwe kwa jicho, si kwa kiapo

JICHO LA MLIMA
Na Kawira Njeru

Msimu wa ruracio (mahari) na harusi ukikaribia, mikufu ya lulu hutolewa kabatini katika maduka ya vito mjini Meru na Embu. Mteja anauliza, "Hii ni ya asili kweli?" Muuzaji anaapa kwamba ni ya asili, na pesa zinatoka. Swali lenyewe ndilo bovu.

Karibu lulu zote za maji baridi zinazouzwa leo ni za kufugwa, nyingi zikitoka Uchina, hasa Zhuji katika mkoa wa Zhejiang. Kome hufunuliwa kidogo, akapachikwa vipande vya nyama ya kome mwenzake, kisha akarudishwa bwawani. Kwa miaka kadhaa huvifunika kwa tabaka juu ya tabaka. Kome mmoja aweza kubeba lulu zaidi ya 30, na ndiyo maana bei ya lulu hizi iko chini kuliko ya zile za baharini. Lakini rahisi si hafifu. Lulu ya Akoya ya Japani hujengwa juu ya gololi ya gamba. Ya maji baridi kwa kawaida ni lulu tupu hadi ndani.

Thamani basi ni mng'ao kwanza. Sogea mlangoni penye mwanga: ukiuona mlango umejichora juu ya lulu, kingo zake zikiwa wazi, hiyo ni mali. Ikiwa nyeupe kama chaki, rudisha. Umbo la duara kamili ni adimu, kwa kuwa hakuna gololi ya kuliongoza, na kupata lulu zinazofanana za kutosha mkufu mzima ni kazi inayolipiwa. Mnunuzi wa miraa kule Maua, anayepambanua mbaine (miraa ya miti ya kale) kwa kuitazama tu, hahitaji somo hili.

Kuna wanaong'ata. Lulu hukwaruza jino kidogo, plastiki huteleza, lakini jino halijui kama kome alifugwa. Na ukiuziwa lulu nyeusi ya maji baridi, chungulia tundu la uzi: mara nyingi rangi iliyopakwa imejikusanya hapo.

Kupaka rangi si kosa. Kuficha ndiko kosa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Muuzaji anayeapa na aandike kiapo chake kwenye risiti: za kufugwa, za maji baridi, zimetiwa rangi au la. Akikataa kuandika, duka la pili haliko mbali.